Kaimu wa Kituo cha Pili

Katika lugha yetu limo neno "kaimu", nalo ni neno lenye heshima nyingi na uchungu kidogo. Kaimu ni mtu aliyesimama mahali pa mwingine kwa muda: hushika funguo, hutia sahihi barua, hulaumiwa likiharibika jambo, na mwenyewe arudipo kutoka safari yake, kaimu hukusanya vitu vyake mezani akarejea pembeni, na watu wakamsahau upesi kana kwamba siku zile ofisi ilijiendesha yenyewe. Mimi nalipata kukaimu ukarani mkuu kwa miezi saba, katika ofisi ambayo haina haja ya kutajwa. Daftari nililifunga likiwa halina upungufu hata wa senti moja, walakini bwana mkubwa aliporejea kutoka likizoni, jambo la kwanza alilolifanya, kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani, ni kuketi na kuzijumlisha upya hesabu zangu, safu baada ya safu, kwa kalamu nyekundu. Akakuta ni sahihi. Hakusema neno.

Bwana huyo na kalamu yake wamenijia akilini wiki hii nilipokuwa nikisoma habari za George Stirnweiss, mchezaji wa besiboli wa Marekani, ambaye katika miaka miwili ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili alikaimu kituo cha pili katika timu ya Yankees ya New York, akatwaa taji la mpigaji bora wa ligi yake, na ambaye tangu siku hiyo hata leo wapenzi wa mchezo huo hawajaacha kumjumlishia upya. Husemwa kuwa taji lile lilikuwa taji la vita tu; kuwa wenyewe walikuwa hawapo; kuwa paka akiondoka panya hutawala. Nami nikitazama kadhia hii kwa jicho la insafu, naona kuwa mtu huyu amedhulumiwa.

Msomaji asiyeujua mchezo wa besiboli asiuogope. Ni binamu wa kriketi ile ichezwayo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa: mmoja hurusha mpira, mwingine husimama na rungu akajaribu kuupiga, na akiupiga vema hukimbia kuvizunguka vituo vinne vilivyopangwa mraba, na arudipo salama alipoanzia huwa ameipatia timu yake alama moja. Ustadi wa mpigaji hupimwa kwa wastani wake. Apataye mapigo salama 300 katika kila zamu 1,000 huhesabiwa bingwa, maana yake ni kuwa hata bingwa hushindwa mara saba katika kila kumi, na sijui kazi nyingine impayo mtu fahari kwa kushindwa mara nyingi hivyo, ila pengine uvuvi wa mshipi. Ama mlinzi wa kituo cha pili, yeye ni miongoni mwa wale wanne wasimamao karibu na mpigaji, ambao mpira huwajia chinichini kwa kasi ya jiwe la teo, naye ana taabu ya ziada: yampasa kuudaka mpira kutoka kwa mwenzake, kukanyaga kituo, kisha kugeuka angali hewani na kuutupa kituo cha kwanza ili watolewe watu wawili kwa pigo moja, na yote hayo ayatende ilhali mkimbiaji wa upande wa pili anamjia kwa kuteleza mchangani, miguu mbele, na viatu vya mkimbiaji huyo vina meno ya chuma.

Vita vilipoifikia Marekani mwishoni mwa mwaka 1941, Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa msimamizi mkuu wa besiboli, alimwandikia Rais Roosevelt kumwuliza iwapo mchezo usimamishwe. Jawabu la Rais, la tarehe 15 Januari 1942, lilikuwa kwamba ni kheri kwa taifa mchezo uendelee, kwa kuwa watu watafanya kazi saa nyingi zaidi na watahitaji burudani, ila wachezaji waliofikia umri wa jeshi waende jeshini kama wenzao, hata kama kiwango cha mchezo kitashuka kwa ajili hiyo. Wakaenda, tena kwa mamia. Zaidi ya wachezaji 500 wa ligi kuu walivaa sare. Alikwenda Ted Williams, alikwenda Bob Feller, na katika Yankees alikwenda Joe DiMaggio, akaenda Phil Rizzuto, na baada ya msimu wa 1943 akaenda Joe Gordon, mwenye kituo cha pili, aliyekuwa amechaguliwa mwaka 1942 kuwa mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika ligi yake. Wawili waliowahi kucheza ligi kuu hawakurudi: Elmer Gedeon aliangushwa pamoja na ndege yake katika anga la Ufaransa mwaka 1944, na Harry O'Neill aliuawa Iwo Jima mwaka 1945.

Hata mpira wenyewe uliingia vitani. Wajapani walipoiteka Malaya na visiwa vya Wadachi vya Mashariki, waliuteka pamoja navyo utomvu wa mpira wa dunia karibu wote, ndiyo maana hata huku Tanganyika mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu zama za Wajerumani yalifufuliwa, tena kwa nguvu za watu waliochukuliwa kwa lazima. Marekani haikuwa na utomvu wa kuchezea. Msimu wa 1943 ukafunguliwa kwa mipira ambayo kiini chake kilikuwa cha utomvu wa namna nyingine, mgumu, uitwao balata, na mpira huo ulipopigwa ulitoa sauti ya kuni na haukufika mbali, hata ikabidi ubadilishwe upesi. Sisi katika Kiswahili mti na mchezo tumevipa jina moja, mpira, nasi hatuoni ajabu. Wamarekani ilibidi wafikiwe na vita ndipo wakumbuke kuwa kimoja hutoka katika kingine.

Timu zilikatazwa kwenda kufanyia mazoezi katika joto la kusini, kwa kuwa matreni yalihitajiwa na askari. Yankees wakafanya mazoezi yao kwenye baridi ya pwani ya New Jersey. Na nani waliobaki kufanya mazoezi hayo? Wazee waliokwisha kustaafu, vijana ambao ndevu hazijaota, na wale ambao matabibu wa jeshi waliwaandikia kuwa hawafai. Timu ya Cincinnati ilimpandisha mrushaji aitwaye Joe Nuxhall naye ana miaka 15. Timu ya Browns ya St. Louis ilimchezesha Pete Gray, mtu mwenye mkono mmoja, katika michezo 77 ya mwaka 1945.

Stirnweiss alikuwa miongoni mwa walioandikiwa hawafai. Alizaliwa New York tarehe 26 Oktoba 1918, akasoma Chuo Kikuu cha North Carolina, na huko alikuwa hodari wa mpira wa miguu wa Kimarekani hata timu moja ya kulipwa ya Chicago ikamtaka; yeye akachagua besiboli. Wenziwe walimlakabu Snuffy, jina lenye harufu ya ugoro ndani yake. Alikuwa mfupi, mnene wa kifua, mwenye miguu myepesi ajabu: mwaka 1942, akiwa bado katika timu ya Newark iliyo chini ya ligi kuu, aliiba vituo 73, na kuiba kituo katika mchezo huu ni kukimbia kutoka kituo hadi kituo wakati mrushaji na mdakaji wamezubaa, wizi ambao hauna dhambi. Lakini tumbo lake lilikuwa na vidonda, navyo ndivyo vilivyomzuia asiende vitani. Mtu ambaye anaweza kukimbia kama paa, asiyeweza kula chakula cha kambi ya jeshi! Yamkini wako waliomtazama jukwaani kwa jicho la shaka, hasa wale ambao wana wao walikuwa Ufaransa au Pasifiki, kwa kuwa kidonda cha tumbo hakionekani kama mkono uliokatika.

Mwaka 1943 hakufanya la maana. Wastani wake ulikuwa 0.219, nao ni wastani wa mtu anayeazimwa. Mwaka 1944 Gordon alipoondoka akapewa kituo cha pili, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Msimu huo aliongoza ligi yake kwa mapigo salama, 205. Akaongoza kwa alama, 125. Akaongoza kwa vituo vya kuiba, 55. Na wastani wake ukafika 0.319. Mwaka uliofuata aliongoza tena katika hayo yote matatu, na juu yake akaongeza mapigo 22 ya kumfikisha mtu kituo cha tatu kwa mkupuo mmoja, ambayo ni mapigo ya mwenye mbio kweli. Lakini kilichombakiza katika tarehe ya mchezo huu ni siku moja tu, tarehe 30 Septemba 1945, siku ya mwisho ya msimu, na hiyo haifai kupitiwa mbio.

Mshindani wake alikuwa Tony Cuccinello wa White Sox ya Chicago, naye pia ni mlinzi wa uwanja wa ndani, mzee wa miaka 37 ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kuomba ruhusa, na ambaye kama si vita angekuwa ameketi kwake zamani. Cuccinello alikuwa amepata mapigo salama 124 katika zamu 402, nao ni wastani wa 0.308. Siku hiyo timu yake ilikuwa icheze michezo miwili. Mvua ikanyesha, michezo ikafutwa, na mzee wa watu akabaki na hesabu yake jinsi ilivyo, hana la kuongeza wala la kupunguza. New York hakukunyesha. Stirnweiss aliingia uwanjani kucheza na Red Sox ya Boston akiwa na mapigo 192 katika zamu 627, naye alikuwa nyuma.

Alipewa zamu tano, akapata mapigo matatu. Wakazijumlisha: 195 katika 632. Ukigawa, utapata 0.30854, na ukigawa za Cuccinello utapata 0.30846. Tofauti yao haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi. Lau katika zamu zile tano angalipata mapigo mawili badala ya matatu, taji lingekuwa la mzee wa Chicago. Na hapo ndipo ulipo mwiba wa hadithi hii, kwa sababu inasimuliwa kuwa moja katika mapigo yale matatu lilikuwa mpira wa chini uliomponyoka mlinzi wa Boston, na karani wa mchezo, ambaye kazi yake ni kuamua kama pigo ni halali au ni kosa la mlinzi, kwanza aliliandika kosa, kisha habari za mvua ya Chicago zilipomfikia akalifuta akaliandika pigo. Cuccinello aliondoka na kisa hicho moyoni. Baada ya msimu timu yake ikamwachilia, naye hakucheza tena ligi kuu. Mtu aliyekosa ufalme kwa unywele mmoja akakosa na kazi pia.

Sitasema kuwa karani yule alitenda haki, maana sikuwapo, na hata waliokuwapo hawakukubaliana. Nasema tu kwamba makarani wa namna hiyo wamekuwapo kila mwaka, vita na amani, na kalamu zao zimewapa na kuwanyima watu wakubwa kuliko Stirnweiss. Sioni kwa nini deni lao wote likusanywe kwake peke yake.

Tuje basi kwenye shauri lenyewe. Wanaomtoa thamani husema kwamba 0.309 ilikuwa wastani mdogo kuliko wote uliowahi kumpa mtu taji la ligi hiyo tangu mwaka 1905. Ni kweli. Lakini mwaka 1968, hakuna Gordon aliye jeshini wala mwenye mkono mmoja uwanjani, Carl Yastrzemski alilitwaa taji hilohilo kwa wastani wa 0.301, na watu wakasema, na walisema kweli, kwamba warushaji wa mwaka ule walikuwa hatari. Basi wastani mdogo wakati wa amani huwa sifa ya warushaji, na wakati wa vita huwa aibu ya mpigaji; hiyo ni mizani yenye kidole cha mpimaji chini yake. Husema tena kuwa warushaji wa vita walikuwa dhaifu. Wengi, naam. Lakini katika ligi hiyohiyo alikuwamo Hal Newhouser wa Detroit, ambaye naye jeshi lilimkataa kwa ajili ya moyo wake, aliyeshinda michezo 29 mwaka 1944 na 25 mwaka 1945. Na mwaka 1946, wakubwa wote wamerudi na marungu yao, akashinda 26.

Hata hivyo hoja inayonikaa zaidi rohoni si hiyo. Katika miaka ile ambayo matajiri wa timu walikwaruza chini ya pipa kutafuta watu, wakamchukua mtoto wa miaka 15 na wakamchukua mtu mwenye mkono mmoja, walikuwapo katika miji hiyohiyo, wakicheza katika ligi zao walizotengewa, watu kama Josh Gibson na Satchel Paige, ambao kila mwenye macho alijua kuwa ni miongoni mwa wachezaji bora ulimwenguni, na hawakuitwa, kwa kuwa ni weusi. Mlango ulifungwa hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo kila taji, si la Stirnweiss peke yake, la DiMaggio pia na la Williams na la kila mtukufu wa zama hizo, lilipatikana ilhali baadhi ya wenye mchezo wamefungiwa nje. Siku 23 baada ya Stirnweiss kupata pigo lake la mwisho la msimu huo, tarehe 23 Oktoba 1945, ilitangazwa kuwa mchezaji mweusi, Jackie Robinson, ametia sahihi mkataba na watu wa timu ya Brooklyn. Mwenye kutaka kuweka alama ya shaka pembeni mwa rekodi za vita kwa kisingizio cha waliokuwa ghaibu, na aanzie ukurasa wa kwanza wa kitabu, na achukue wino wa kutosha.

Wenyewe walirudi mwaka 1946. Gordon akachukua kituo chake cha pili, na kaimu akasogezwa kituo cha tatu, ambacho hakukizoea. Wastani wa Stirnweiss ulishuka hadi 0.251, na watesi wake wakapata walichokitaka. Lakini ni wachache waliotazama mstari wa pili wa daftari, ambamo Gordon mwenyewe, baada ya miaka miwili ya jeshi, aliandikiwa 0.210. Yankees wakampeleka Gordon Cleveland, ambako alipata upya nguvu zake na fahari yake. Kaimu akarudishiwa kituo. Akapiga 0.256 mwaka 1947 na 0.252 mwaka 1948, nami sitaficha kuwa hayo ni mapigo ya mtu wa kawaida. Mkono wake wa rungu haukurejea tena ulivyokuwa, na vita vilikuwa na sehemu yao katika ukubwa wa zile hesabu za mwanzo. Lakini mchezo una nusu mbili. Mwaka 1947 alicheza michezo yote saba ya fainali ambayo Yankees waliishinda Brooklyn, Robinson akiwa upande wa pili. Na mwaka 1948, mabingwa wote wapo na hakuna wa kusingizia, katika msimu mzima wa mipira ile ya jiwe la teo na viatu vile vya meno ya chuma, alifanya makosa matano tu. Wastani wake wa ulinzi, 0.993, ulikuwa haujapata kufikiwa na mlinzi yeyote wa kituo cha pili katika ligi hiyo. Huo nao ni mwaka wa amani. Sijaona mtu akiutaja anapomjadili.

Kisha akaja kijana Jerry Coleman, na Stirnweiss akawa wa kuketi. Mwaka 1950 alihamishiwa St. Louis, kisha Cleveland, na mwaka 1952 akamaliza. Alifundisha timu ndogondogo, akashika kazi za ofisini, akasimamia besiboli ya vijana mjini New York, na mwaka 1957 moyo ukamwangusha kitandani, akainuka. Alikuwa akiishi Red Bank katika New Jersey na mkewe na watoto sita, akipanda treni kwenda mjini kama maelfu ya wengine.

Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 1958 treni yao iliyatia macho maji ya ghuba ya Newark, ambako daraja lilikuwa limeinuliwa katikati ili chombo kipite chini. Ishara za kusimama zilikuwa zimewaka. Treni haikusimama. Vichwa viwili na mabehewa mawili vilitumbukia mara moja, na behewa la tatu likabaki limening'inia ukingoni, ncha moja darajani na ncha moja majini, watu wa pwani wakilitazama, kisha nalo likateremka. Walikufa watu 48. Stirnweiss alikuwa mmoja wao, naye hajatimiza miaka 40.

Ukifungua leo daftari la mabingwa wa kupiga wa ligi yake, American League, na kuteremsha kidole hadi mwaka 1945, utalikuta jina lake na hesabu yake, 0.309, na pembeni yake hapakuandikwa kitu.